Studio Chumbani: Safari ya Muziki wa Mashine hadi Mburahati

Muziki wa kielektroniki ulilelewa na serikali. Kijana anayetengeneza biti akiwa ameketi kitandani, kompyuta mapajani, anaweza asiamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Vinasa sauti, mitambo ya kuzalisha toni na vichujio vyake vilikuwa ghali mno, na vilikaa mahali ambapo fedha za umma ziliweza kuvinunua, yaani katika vituo vya redio. Mjini Paris, Pierre Schaeffer alitunga vipande vyake vya kelele mwaka 1948 ndani ya redio ya taifa ya Ufaransa, kimojawapo kikiwa cha milio ya garimoshi. Mjini Cologne, redio ya NWDR ilianzisha studio yake mwaka 1951. Milan ikafuata mwaka 1955 chini ya RAI. Hata Mwafrika aliyewatangulia wote hao, Halim El-Dabh wa Cairo, alipitia mlango huo huo. Mwaka 1944 aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akaenda nacho kwenye ngoma ya wanawake ya kupunga pepo, kisha akairudisha sauti ile studio na kuichezea: akapunguza hapa, akatia mwangwi pale, hadi waimbaji wakawa kama wanalia kutoka kisimani. Katika kazi hiyo, dakika mbili hivi tu ndizo zilizotufikia.

Kifaa cha kuazima hurudi kwa mwenyewe, na muziki wa aina hii unakula muda kuliko mwingine. Mpiga gitaa huingia studio akiwa anaujua wimbo wake. Akipewa saa mbili anamaliza. Anayetunga kwa mashine hajui wimbo wake ukoje mpaka aukute ndani ya mashine, na huko kuukuta ni kubahatisha usiku baada ya usiku. Kwa hiyo wanaosimulia habari za studio za nyumbani kwa kufuata bei za vifaa peke yake, nadhani wanaona nusu. Bei zilishuka, ni kweli. Lakini kabla hazijashuka walikuwapo watu waliojinyima ili wapate saa ambazo hakuna bosi angewapimia.

Miongoni mwa wa kwanza walikuwa mume na mke, Louis na Bebe Barron. Walioana mwaka 1947, na katika zawadi za harusi walipata kinasa sauti cha utepe, kitu ambacho wakati huo watu wengi hawakuwahi hata kukiona. Wakahamia New York na kugeuza nyumba yao ya Greenwich Village kuwa studio. Louis alikuwa amesoma maandishi ya mwanahisabati Norbert Wiener kuhusu namna viumbe na mashine vinavyojiongoza, akaanza kuunda sakiti zake mwenyewe na kuzipitishia umeme kupita uwezo wake. Sakiti zilinong'ona, zikapiga mayowe, mwishowe zikaungua. Sakiti ikishaungua, haikulia tena vile hata ukiitengeneza upya, kwa hiyo utepe ulikuwa ukirekodi muda wote. Kazi ya kusikiliza marundo ya tepu ili kupata sekunde chache zenye maana ilimwangukia Bebe. Studio ya kukodi isingevumilia utaratibu huo hata siku moja.

Mwaka 1956 wawili hao walitoa muziki wa filamu ya Forbidden Planet, filamu ya kwanza kubwa ya Hollywood kuwa na muziki wa kielektroniki mtupu. Chama cha wanamuziki kikaja juu. Ikabidi kazi yao itajwe kwenye filamu kama toni za kielektroniki, si muziki. Ukitaka kujua jinsi watu wa fani walivyomtazama anayepiga muziki wa mashine nyumbani kwake, anzia hapo. Dharau hiyo tutaikuta tena, mbali kabisa na Hollywood.

Uingereza ilikuwa na mwanamke wake, Daphne Oram, aliyezaliwa Wiltshire tarehe 31 Desemba 1925. Aliingia BBC akiwa msichana wa miaka kama 17, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuketi na santuri ya muziki uleule uliokuwa ukipigwa jukwaani, ili bomu likikatiza onyesho, santuri iendelee na msikilizaji asijue kilichotokea. Mtu anayefanya kazi hiyo hujifunza mapema kwamba sauti ya moja kwa moja na sauti iliyohifadhiwa zinaweza kubadilishana nafasi. Mwaka 1949 akaandika Still Point, kazi ya okestra mbili pamoja na santuri zinazogeuzwa sauti papo hapo. BBC haikuipiga. Ilikuja kupigwa nzima kwenye tamasha la Proms mwaka 2018, yeye akiwa kaburini miaka 15.

Katika miaka ya 1950 alianza kufanya kazi usiku. Wenzake walipotoka, alikusanya vinasa sauti kutoka vyumba mbalimbali vya jengo la BBC, akavipanga pamoja, akakata na kuunga utepe hadi alfajiri, kisha akarudisha kila kimoja mahali pake kabla watu hawajafika. Baada ya miaka ya kuwasumbua wakubwa, idara ya sauti za kielektroniki aliyoipigania ilifunguliwa mwaka 1958 huko Maida Vale, yeye na Desmond Briscoe wakiwa waanzilishi. Wakubwa walitaka milio ya tamthilia za redio. Yeye alitaka muziki. Mwanzoni mwa 1959 aliacha kazi, hata mwaka haujatimia tangu idara ifunguliwe.

Alihamia Tower Folly, jumba la zamani la kukaushia hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, katika kijiji cha Fairseat, Kent. Humo akaweka vinasa sauti vyake na mitambo ya toni, akawa bosi wa saa zake mwenyewe. Uhuru huo ulikuwa na bili zake: alitengeneza muziki wa matangazo ya biashara, ikiwemo ya Lego, akatoa sauti za filamu ya The Innocents ya mwaka 1961, akarekodi santuri za kuwachezesha watoto shuleni, akazunguka kutoa mihadhara. Mwaka 1962 alipata msaada wa Gulbenkian Foundation, na hapo ndipo alipoanza kuunda kitu alichokuwa akikiota tangu ujana, mashine inayosoma mchoro na kuutoa kama sauti.

Aliipa jina Oramics. Mikanda kumi ya filamu ya milimita 35 ilisafiri sambamba juu ya seli zinazohisi mwanga. Mtunzi alichora juu ya filamu kwa wino mweusi: mkanda mmoja ukaamua noti, mwingine ukubwa wa sauti, mwingine mtetemo, mwingine mwangwi. Umbo la wimbi lenyewe, yaani rangi ya sauti, lilipakwa kwenye vipande vya kioo. Fundi Graham Wrench alikuja kumsaidia katikati ya miaka ya 1960, na kaka yake Oram naye alishika bisibisi. Anayetumia programu ya leo, ambamo noti huwekwa kwa kuchora vijistari kwenye skrini, anafanya kile Oram alichokifanya kwa brashi na wino, kwenye jengo lenye harufu ya shamba.

Ila soko halikumsubiri. Robert Moog wa Marekani alishaonyesha sinthesaiza yake mwaka 1964, na London yenyewe ilikuwa na Peter Zinovieff, mtu aliyeweka kompyuta ya PDP-8 kwenye kibanda cha bustani yake Putney baada ya kuuza taji la vito la mke wake. (Historia ya studio za nyumbani ina wake na waume wengi ambao hawakutajwa kwenye santuri.) Kampuni ya Zinovieff ilitoa sinthesaiza ya VCS3 mwaka 1969, kisanduku ambacho mtu mmoja aliweza kukibeba. Mashine ya Oram ilibaki moja tu. Leo imo kwenye Science Museum ya London, dhaifu kiasi cha kutoweza kuwashwa, na tepu zake zinahifadhiwa Chuo cha Goldsmiths.

Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa Switched-On Bach, albamu aliyoirekodi kwa sinthesaiza ya Moog kwenye studio ya nyumbani kwake New York. Moog ile ilitoa noti moja tu kwa wakati, na ilitoka kwenye toni kila mara, hivyo kila sauti ya Bach ilirekodiwa peke yake, kipande baada ya kipande, kwenye kinasa sauti cha njia nane alichokiunda mwenyewe. Santuri hiyo ilipata tuzo tatu za Grammy na kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Baada yake hakuna aliyeweza kusema tena kwamba chumba hakitoi kazi ya sokoni. Bei ya Moog, hata hivyo, ilibaki ya watu wenye nafasi.

Waliowafungulia wengine mlango walikuwa Wajapani, na kwa kiasi kikubwa bila kukusudia. Kampuni ya Roland, iliyoanzishwa Osaka mwaka 1972 na Ikutaro Kakehashi, ilitoa mashine ya ngoma TR-808 mwaka 1980. Wapigaji walilalamika kwamba haifanani na ngoma, na hawakukosea. Zilitengenezwa 12,000 hivi, uzalishaji ukakoma mwaka 1983. TB-303 ilikuwa na bahati mbaya zaidi. Ilibuniwa na Tadao Kikumoto ili mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake awe na besi ya kumsindikiza. Besi yenyewe ilisikika kama nyigu kwenye kopo, na kuipangia noti kulihitaji subira ya mvuvi. Mwaka 1984 ikasimamishwa. Mashine zilizobaki zikaingia kwenye maduka ya mitumba.

Huko ndiko vijana weusi wa Chicago na Detroit walikozikuta. Miji yao ilikuwa imeishiwa viwanda, na hakuna studio kubwa iliyokuwa ikiwaita. Chicago, kijana aitwaye Spanky alipata 303 ya mitumba. Yeye, DJ Pierre na Herb J wakawa kundi la Phuture. Hawakuwa na maelekezo ya kuitumia, wakaanza kuzungusha vifundo vyake huku noti zikiendelea kujirudia. Sauti ikajikunja, ikapanda, ikalia kama kitu kinachokatwa koo. Walimpelekea DJ Ron Hardy wa klabu ya Music Box, na inasimuliwa kwamba aliipiga mara nne usiku mmoja: mara ya kwanza watu wakaacha kucheza, mara ya nne wakapagawa. Ilitoka mwaka 1987 kwa jina Acid Tracks, dakika zaidi ya kumi na moja za mashine iliyoshindwa kazi yake ya asili. Aliyewasaidia kuirekodi, Marshall Jefferson, alikuwa mfanyakazi wa posta aliyekopa vyombo dukani huku hajui kupiga kinanda. Rafiki zake walimcheka. Wimbo wake Move Your Body wa mwaka 1986 uliwanyamazisha.

Detroit, Juan Atkins alishatoa Alleys of Your Mind mwaka 1981 akiwa na Rik Davis, kundi likiitwa Cybotron. Baadaye akaanzisha lebo yake, Metroplex, na pamoja na Derrick May na Kevin Saunderson, wenzake wa shule huko Belleville, wakatengeneza majumbani mwao muziki ambao Ulaya iliukimbilia kabla Marekani yenyewe haijauelewa. Mwaka 1988 kampuni ya Kiingereza ilikusanya nyimbo zao kwenye albamu moja na kuziita techno.

Jambo lingine la miaka hiyo halina kelele lakini lilibadilisha kila kitu. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki Marekani, sinthesaiza ya Roland na ya kampuni pinzani, Sequential ya Dave Smith, ziliunganishwa kwa waya mmoja. Ukibonyeza hii, ile inalia. Lugha hiyo, MIDI, ilitolewa bure kwa kila mtengenezaji. Miaka miwili baadaye kompyuta ya Atari ST ilikuja na matundu ya MIDI, na chumba cha mtu mmoja kikaanza kufanya kazi ya okestra. Halafu vyombo vyenyewe vikamezwa na kompyuta. Kampuni ya Ubelgiji, Image-Line, ilitoa programu ya FruityLoops mwishoni mwa miaka ya 1990, ikabadilishwa jina mwaka 2003 kuwa FL Studio. Safu za vijisanduku vyake vya midundo zimerithiwa waziwazi kutoka kwenye vitufe vya 808. Wapo wataalamu walioiita kitu cha kuchezea watoto. Nakala zake, nyingi zisizolipiwa, zikatembea kwa mkono hadi kwenye miji ambayo Image-Line haikuwahi kuwa na duka.

Dar es Salaam ni mmoja wa miji hiyo, nao una historia yake. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, bendi iliyotaka kurekodi ilipanga foleni Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Muziki mtamu kupindukia ulitoka pale, sikatai. Lakini saa zilikuwa za redio, maikrofoni za redio, na tepu ikibaki mali ya redio. Waliotaka santuri walivuka mpaka hadi Nairobi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hoja ya kulinda fedha za kigeni, na marufuku hiyo ilikaa miaka mingi kabla ya kulegezwa. Enzi ya Mzee Mwinyi, soko lilipofunguliwa, vinanda na kompyuta vikaanza kuingia. Miaka ya 1990 ikazaa studio za watu binafsi kama MJ Records ya Master J na Bongo Records ya P Funk Majani, na Bongo Fleva ikapata makao. Hata hapo, msanii asiye na kitu alilipia saa, au alisubiri huruma ya prodyuza.

Uswahilini walikuwa na njia yao. Vikundi vya mchiriku vilichukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo Ulaya watoto walinunuliwa, vikaviunganisha na spika za honi na kuvipiga hadi vinakwaruza, ngoma zikifukuzana chini yake. Jagwa Music ya Mwananyamala ndiyo iliyokuja kujulikana zaidi nje. Ndani ya nchi mchiriku uliitwa uhuni, ukakaa nje ya redio.

Singeli ilichipuka humo humo, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye sherehe za vigodoro zinazokesha mtaani. DJ alichukua kipande cha ala za taarabu au kinanda cha mchiriku, akakata sekunde chache, akazirudiarudia, akazidisha kasi. Akaona wachezaji wanaweza. Akazidisha tena. Nyimbo nyingi duniani za kuchezea klabuni hukaa kwenye midundo 120 hadi 130 kwa dakika. Singeli huanzia kama 200 na wapo wanaokaribia 300. Msaga Sumu alikuwa miongoni mwa waliotangulia kushika maikrofoni juu ya kasi hiyo, wengine wakafuata, na kufikia mwaka 2016 redio zilizokuwa zikiwakwepa zilikuwa zikiwatafuta.

Studio inayofaa kutazamwa kwa karibu ni ya prodyuza Sisso, Mburahati. Haina mashine ya ngoma wala sinthesaiza ya kujivunia. Kazi inafanywa kwa kompyuta, FL Studio na VirtualDJ, ile programu ya kupigia nyimbo kwenye sherehe. Maprodyuza wa pale waliigeuza VirtualDJ kuwa chombo cha kutungia: kasi inavutwa juu, sauti inapanda nayo hadi wimbo unakuwa mwembamba na mkali, kipande kinakwaruzwa na kurudishwa huku mwimbaji akitiririka bila kupumua. Vijana huingia na kutoka. Mmoja anaanza biti, mwingine anaikuta na kuimalizia, na kinachotengenezwa leo kinaweza kupigwa mtaani usiku huohuo. Hapa naona tofauti na Tower Folly. Oram alipata saa zake kwa kujitenga. Mburahati wamezipata kwa kujazana.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za pale. Bamba Pana akatoa Poaa mwaka 2018, Jay Mitta akatoa Tatizo Pesa mwaka 2019, na kijana DJ Travella akaja na Mr Mixondo mwaka 2022. Wazungu wa Berlin na Warsaw wakaanza kuuliza haya yanatengenezwa kwa mashine gani. Jibu liliwavunja moyo wauza mashine.

Lakini kuna pengo. Nyimbo za miaka ya mwanzo ya singeli, kabla lebo haijafika, zilisambaa kwa memori kadi, flashi na bluetuthi, na mafaili yake ya kazi yalikaa kwenye kompyuta ambazo zimeshauzwa, zimeibiwa au zimekufa diski. Majina ya walioimba hayakuandikwa popote ila kwenye vibwagizo. Kinachopigwa leo Ulaya kama historia ya singeli ni sehemu ndogo iliyopata bahati ya kuchaguliwa. Kwa hiyo kama wewe au ndugu yako mna kompyuta ya zamani iliyowahi kufanya kazi hiyo, au flashi ya vigodoro vya mwaka 2008 iliyotupwa kwenye droo, msiifute. Nakilini mafaili mahali pawili, andikeni nani alitengeneza, nani aliimba, mtaa gani na mwaka gani, na muulizeni prodyuza mwenyewe maadamu bado yuko mtaani.